Spitfire yako inafika juu kiasi gani kweli? Jinsi ya kupima kwenye simulata bila kujidanganya

Kila mtu mwenye Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye simulata ya kompyuta ana namba yake ya urefu aliofika. Mmoja anakwambia ameifikisha futi 44,000, mwingine 47,000 na skrinshoti anayo, alafu ukimuuliza ilikuwa na mafuta kiasi gani, hali ya hewa aliiwekaje, na je wakati anapiga hiyo skrinshoti ndege ilikuwa bado inapanda au ishaanza kudondoka, kimya. Namba ya juu kabisa uliyoiona kwenye altimita (kipimo cha urefu) peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni ndege ilikuwa inapanda kwa kasi gani ilipofika pale, na hiyo ndo tutakayopima hapa.

Natumia Spitfire LF Mk IX ya DCS, simulata ya ndege za kivita, kwa sababu ndo naijua vizuri, ila utaratibu huu unafanya kazi kwenye simulata yoyote yenye fizikia ya maana. Kama huna hela ya kununua moduli (ndege inayouzwa peke yake), DCS yenyewe ni ya bure na inakuja na TF-51D, ile Mustang isiyo na bunduki, ipime hiyo hiyo, hatua ni zile zile ila namba za injini usome kwenye mwongozo wake. FlightGear nayo ni ya bure na ina Spitfire.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Kuna dari mbili. Ya kwanza ni dari ya kazi, yaani urefu ambao ndege ikitumia nguvu zote za injini bado inaweza kupanda futi 100 kwa dakika. Ya pili ni dari ya mwisho kabisa, pale ambapo kupanda kumekuwa sifuri. Vitabu vingi vikisema Spitfire LF IX inafika kama futi 42,500 vinazungumzia hiyo ya kwanza, na hiyo ya pili kwa ndege halisi hakuna mtu alikuwa anaifikia kwa kurusha tu, maana kadiri unavyoikaribia ndo kupanda kunazidi kuwa kwa kinyonga mpaka mafuta yanaisha. Marubani wa majaribio walikuwa wanaikokotoa. Na sisi tutaikokotoa.

Alafu kuna huu mchezo wa watu wengi, unashuka kidogo upate kasi, unavuta fimbo, ndege inaruka juu futi elfu kadhaa, unapiga picha. Ni kama baiskeli iliyoshuka mteremko ikapanda kilima cha pili bila kukanyaga pedali, haimaanishi miguu yako ina nguvu ya kupanda kile kilima. Hesabu yake ni rahisi: ukiwa na kasi halisi ya kilomita 600 kwa saa ukaivuta mpaka 300, umebadilisha mwendo kuwa urefu wa mita karibu 1,060, yaani futi kama 3,500 za bure ambazo injini haikuzitolea jasho. Ndo maana zile 47,000 zinapatikana. Hamna ubaya kufanya hivyo kwa raha zako, ila usiite dari.

Hatua ya 1: tengeneza misheni yako mwenyewe

Usichukue misheni iliyokuja na gemu maana hujui wameweka hali gani ya hewa. Ingia kwenye edita, chagua ramani ya Caucasus, weka ndege Batumi au Kobuleti, viwanja vyote viwili viko pwani karibu na usawa wa bahari, ukiruka unaelekea Bahari Nyeusi huna mlima wa kukusumbua.

Sasa hali ya hewa, hapa usifanye haraka. Weka joto nyuzi 15 na presha milimita 760 za zebaki, hiyo ndo hewa ya kawaida ambayo takwimu za ndege zinarejeshwa kwake (DCS ukiiacha ilivyo inaanzia nyuzi 20, kwa hiyo badilisha). Upepo sifuri kwenye kila ngazi, sio ya chini tu, mtikisiko wa hewa sifuri, mawingu toa. Upepo ukiwa ule ule kila urefu hauna shida na kupanda, shida ni pale unapobadilika nguvu kadiri unavyopanda, unakuongezea au kukunyang'anya kasi bila wewe kujua alafu unaanza kuisifia injini kwa kazi ya upepo. Joto nalo usilidharau, siku ya joto hewa ni nyepesi kwa presha ile ile na injini na mabawa vyote vinaumia.

Hatua ya 2: uzito

Spitfire hii ina tanki mbili mbele ya rubani, jumla galoni 85 za Kiingereza, kama kilo 278 za mafuta ukijaza. Ndege nzima ikiwa imejaa ni kama pauni 7,400 na kitu, kwa hiyo mafuta peke yake ni karibu asilimia nane ya uzito, na huko juu kabisa asilimia nane ni kitu kikubwa sana. Amua mapema. Mimi napenda kuanza na tanki zimejaa na risasi zote, hakuna tanki la nje, hakuna bomu, maana hivyo ndo ndege ilivyokuwa inaenda kazini, na naandika mafuta yaliyobaki kila ninapochukua kipimo. Mafuta yasiyoisha zima, isipokuwa kama unataka kulinganisha kasi tofauti kwa uzito ule ule (tutafika huko).

Ukitaka kujua kuondoa uzito kunasaidia kiasi gani, fanya jaribio la pili bila risasi na mafuta nusu, usichanganye na la kwanza. Hii sio kujifurahisha tu, wenyewe walifanya. Mwaka 1942 Wajerumani walikuwa wanatuma Junkers Ju 86R juu ya Uingereza, ndege yenye mabawa marefu na kabini ya presha, juu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuigusa. Waingereza wakachukua Spitfire IX wakaipunguza uzito, bunduki ndogo wakatoa, deraya wakatoa, wakaacha mizinga miwili tu ya milimita 20, na tarehe 12 Septemba rubani Emanuel Galitzine akaikuta hiyo Junkers kwenye anga ya Southampton, wakapigana futi kama 43,000. Mzinga mmoja uligoma kwa hiyo kila akifyatua ndege ilikuwa inavutwa upande na kuporomoka. Kumbuka hilo ukiwa kule juu, huna ziada ya kitu chochote.

Hatua ya 3: kabla hujaruka

Altimita iweke presha 1013 (ni milibari, sawa na zile milimita 760). Oksijeni fungua, tena fungua ukiwa chini, kwa sababu DCS inamzimisha rubani kweli, skrini inaanza kuwa nyeusi pembeni na ushajisahau unafikiri ni monita. Kabini ya Mk IX haina presha kabisa. Swichi ya supachaja (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) iache kwenye otomatiki.

Kingine, washa kurekodi kwa Tacview, programu inayorekodi safari za simulata, kama unayo, toleo la bure linatosha, litakupa urefu na muda kwa kila sekunde na utaacha kuhangaika kuandika huku unashika fimbo. Kama huna, karatasi na saa ya ndani ya gemu. Nasema saa ya gemu, sio ya simu, kwa sababu kompyuta zetu hizi ikizidiwa simulata inakwenda taratibu kuliko dunia na dakika moja ya simu inakuwa sekunde 50 za gemu, hapo vipimo vyako vyote takataka.

Hatua ya 4: kupanda mpaka futi 30,000

Hii sehemu sio ya kupima sana, ni ya kufika bila kuua injini. Ruka, kunja magurudumu, tulia kwenye mizunguko 2,850 kwa dakika na busti (presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini) +12, kasi ya kwenye dashibodi maili 160 kwa saa. Injini yake, Merlin 66, inaruhusu mizunguko 3,000 na busti +18 lakini ni kwa dakika tano tu, wewe unaenda safari ndefu. Angalia joto la maji ya kupozea injini lisipite nyuzi 125 na joto la oili lisipande ovyo. Ndege iweke sawa kwa trimu, kile kipimo cha kuteleza pembeni kiwe katikati muda wote, maana ndege inayokwenda upande inaburuza hewa, na huko juu uburuzaji mdogo tu unakula futi 50 kwa dakika bila kukuaga.

Mahali fulani kati ya futi 10,000 na 15,000 utasikia kishindo kidogo, taa nyekundu itawaka, busti itaruka. Usiogope, ni supachaja imeingia gia ya pili. Injini hii ina supachaja ya hatua mbili na gia mbili, yaani hewa inasukumwa mara mbili mfululizo na kupozwa kabla ya kuingia kwenye silinda, na ndo siri nzima ya Mk IX, vinginevyo umbo lake ni la Mk V, toleo la kabla yake, ile ile tu.

Ukiwa futi elfu ishirini na kitu busti itaanza kushuka yenyewe hata ukisukuma throto mpaka mwisho. Hapo hewa imekuwa haba, supachaja imefika mwisho wake. Sasa throto acha mbele kabisa, mizunguko peleka 3,000, na kuanzia hapa usiguse tena. Futi 40,000 presha ya hewa ni chini ya asilimia 19 ya ile ya pwani, kwa hiyo ukiona busti inasoma karibu na sifuri au chini ya sifuri ujue injini haijaharibika, ndo kilichobaki hicho.

Kuharakisha muda kwenye gemu, sehemu hii ya chini unaweza ukitaka, japo mkono wako unakuwa mzito kwa ndege. Kuanzia futi 30,000 rudisha muda wa kawaida na usiuguse.

Hatua ya 5: kasi ya kupandia, hapa ndo watu wanafeli

Watu wengi wakiona ndege imegoma kupanda wanavuta fimbo. Pua inakwenda juu, kasi inashuka, kwa sekunde kadhaa altimita inapanda (ule mchezo wa baiskeli tena), alafu ndege inaanza kuzama pua ikiwa juu, na wao wanasema hiyo ndo dari. Sio dari, umeiharibia kasi. Wengine kinyume chake, wanashikilia maili 160 mpaka juu, ndege inatumia nguvu zote kukimbia badala ya kupanda.

Utaratibu wa marubani wa Spitfire za aina hii ulikuwa kupunguza kasi ya dashibodi kidogo kidogo: 160 mpaka futi 26,000, alafu 150 mpaka 30,000, 140 mpaka 33,000, 130 mpaka 37,000, 120 mpaka 40,000, na kuanzia hapo 110. Anza na hizo. Usishtuke kwamba 120 ni ndogo, ile ni kasi ya dashibodi, inayosoma msukumo wa hewa, na futi 40,000 uzito wa hewa ni kama robo ya ule wa chini, kwa hiyo kasi halisi ni karibu mara mbili, unakwenda maili 240 kwa saa.

Lakini simulata sio ndege halisi, na ukitaka uhakika itafute kasi bora mwenyewe. Hapa ndo unawasha mafuta yasiyoisha ili uzito usibadilike. Panda mpaka futi 34,000, tulia, alafu panda kutoka 34,500 mpaka 35,500 kwa maili 120, hesabu sekunde. Shuka tena chini ya hapo, rudia kwa 130, kisha 140, kisha 150. Ukichora unapata kilima, kileleni pake ndo kasi yako. Inachosha, ndio, grafu yake ni meno ya msumeno na kichwa kitakuuma, ila ukishaipata hakuna mtu atakayekubishia. Ukiwa na uvumilivu rudia kwenye futi 38,000, utaona kilima kimesogea upande wa kasi ndogo, na kimekuwa chembamba, ukikosea maili kumi tu unapoteza sehemu kubwa ya kupanda kwako.

Hatua ya 6: vipimo vyenyewe

Kuanzia futi 30,000 unaandika sekunde zilizotumika kwa kila futi 1,000. Usisome ile sindano ya kasi ya kupanda, imegawanywa kwa maelfu, futi 100 juu yake ni unene wa sindano yenyewe. Saa haidanganyi: futi 1,000 kwa sekunde 60 ni futi 1,000 kwa dakika, kwa sekunde 120 ni 500, na ikifika dakika kumi nzima kwa futi 1,000 hapo ndo uko kwenye dari ya kazi.

Masharti ni mawili. Kasi mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande iwe ile ile, ikipishana zaidi ya maili mbili tatu tupa hicho kipimo. Na nyooka, usigeuke, maana kugeuka kunadai mabawa yabebe zaidi na huko juu hayana cha kubebea, ukilaza ndege kidogo tu unaona futi zinapotea. Kama lazima urudi kwa sababu bahari inaisha, geuka taratibu kati ya vipimo na sio ndani yake. Fimbo ishike kwa vidole viwili. Joystiki za bei rahisi zina kutetemeka fulani katikati, nenda kwenye mipangilio weka eneo mfu dogo na kunja mchoro wa mwitikio, la sivyo pua inacheza muda wote.

Utafika mahali, labda 40,000, labda 41,000, ndege inayumba, kasi ya kustoli (chini yake mabawa hayabebi tena ndege) iko jirani kabisa na kasi ya kupandia, na kila futi 500 zinachukua dakika kadhaa. Sio lazima uendelee. Ukishapata pointi sita saba nzuri zinatosha.

Hatua ya 7: chora

Chukua daftari la miraba au programu ya jedwali. Mstari wa chini weka kasi ya kupanda, wa pembeni urefu. Pointi za kuanzia pale busti ilipoanza kushuka zitajipanga karibu na mstari ulionyooka. Zile za chini ya hapo usizichanganye, zina tabia yake. Weka rula, vuta mstari mpaka ukate futi 100 kwa dakika, soma urefu, hiyo ni dari ya kazi. Endelea mpaka sifuri, hiyo ni dari ya mwisho.

Mfano wa hesabu, namba ni za kuelewesha tu: tuseme futi 36,000 ulikuwa unapanda 900 kwa dakika, 38,000 unapanda 650, na 40,000 unapanda 400. Kila futi 1,000 unapoteza 125. Kutoka 400 kushuka mpaka 100 ni 300, gawa kwa 125 unapata 2.4, kwa hiyo dari ya kazi ni 42,400. Mpaka sifuri ni 3.2, yaani 43,200. Ona umepata namba zote mbili bila kufika huko.

Pointi moja ikikaa mbali na wenzake usiifute kimya kimya, rudi Tacview uangalie kasi wakati ule, tisa kwa kumi utakuta ulikuwa umevuta fimbo. Alafu rudia safari nzima siku nyingine. Safari mbili zikipishana futi 300 uko vizuri sana, zikipishana 2,000 kuna kitu ulibadilisha.

Kuhusu kulinganisha na vitabu

Kabla hujaanza kulalamika kwamba watengenezaji wamekosea, hakikisha unalinganisha injini ile ile. Mk IX zilikuwa za aina kadhaa: LF yenye Merlin 66 iliyopangwa kwa kazi za chini na kati, hiyo inayotajwa kwa 42,500, na HF yenye Merlin 70 ambayo inatajwa kwa 45,000. Bati ni lile lile, tofauti ni supachaja imepangwa ifanye kazi yake vizuri kwenye urefu upi. Mtu anachukua namba ya HF anaipigia kelele LF. Kwenye IL-2 Great Battles, simulata nyingine, Spitfire IXe unaweza kuichagulia injini mojawapo kati ya hizo mbili, na kwa maoni yangu hilo ndo jaribio tamu kuliko yote, ndege moja, uzito mmoja, siku moja, unabadilisha injini tu na kuangalia mistari miwili inavyoachana kwenye grafu.

Na angalia unasoma urefu gani. Altimita inapima presha na kuigeuza kuwa futi kwa kudhani hewa ni ya kawaida. Tarehe 5 Februari 1952 rubani Ted Powles alipandisha Spitfire PR 19 juu ya Hong Kong, altimita ikasoma 50,000, baada ya kurekebisha kwa hali ya hewa ya siku hiyo ikawa 51,550. Ile ilikuwa na injini ya Griffon na kabini ya presha, usiitumie kujipima na Mk IX yako. Kwenye simulata ule mstari wa taarifa chini ya skrini ukiwa kwenye mwonekano wa nje unaweza kukuonyesha urefu tofauti na altimita ya ndani. Ukiwa umeweka nyuzi 15 na 760 tofauti inakuwa ndogo, ila chagua kimoja utumie hicho hicho mwanzo mpaka mwisho, na kwenye matokeo yako useme ni kipi.

Kushuka

Usisukume pua chini kwa furaha. Futi 40,000 kasi halisi inapanda haraka na kasi ya sauti kule ni ndogo, kama maili 660 kwa saa, kwa hiyo dashibodi inaweza kusoma namba ya upole tu wakati unakaribia pale ambapo vidhibiti vinakuwa vizito kama zege na fimbo haivutiki. Powles huyo huyo aliposhuka siku ile ndege ilimponyoka na kupiga mbizi ndefu, akaishika chini sana karibu na bahari. Punguza throto kidogo kidogo, sio kufunga kabisa maana injini inapoa ghafla, shuka kwa mzunguko mpana, oksijeni iache wazi mpaka upite futi 10,000. Angalia mafuta ukifika 20,000: kama umezidisha udadisi kule juu, Kobuleti na Batumi ziko karibu karibu, chagua iliyo mbele ya pua yako na uhifadhi rekodi kabla hujafunga gemu.